Nguo Ina Mwenyewe

Nguo ilikuwa ya moto.

Haukuwa moto wa kuunguza. Ulikuwa ule moto wa shati alilolivua mtu sasa hivi akakupa umshikie, moto wa mwili. Digrii aliingiza mikono sandukuni, akalinyanyua gauni la harusi la bibi yake taratibu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, na wazo la kwanza lililomjia ni kwamba kuna mtu amelivaa asubuhi ile. Akalinusa. Harufu ya dawa ya nondo ilikuwepo, kama alivyotegemea. Chini ya dawa ya nondo kulikuwa na jasho. Jasho bichi, la kwapani.

"Mama," aliita. "Nani amegusa sanduku la Bibi?"

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Nani aguse? Ufunguo si unalala nao wewe."

"Mbona nguo ya moto?"

"Bati hilo. Likipigwa na jua hata godoro linakuwa kama limelaliwa."

Jibu lilikuwa zuri tu. Ila ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

Digrii halikuwa jina lake. Mtaa ulimpa siku aliyorudi nyumbani na joho, kwa heshima. Miaka ikapita bila kazi, heshima ikaondoka, jina likabaki. CV yake ilikuwa imezunguka maofisi mengi kuliko mwenyewe alivyozunguka duniani, na kila ofisi ilimjibu neno moja, tutakupigia. Watu wa tutakupigia hawajawahi kuwa na simu. Kwa hiyo alikaa nyumbani, akaulizwa na kila mpita njia kama bado, akajibu bado, mpaka siku fundi wa friji alipokuja kutengeneza friji ya jirani, akaomba maji ya kunywa, akacheka kwa jambo alilolisema Digrii kuhusu serikali, na kesho yake akarudi kuomba maji mengine wakati kwa jirani hakukuwa na friji mbovu tena. Sasa harusi ilikuwa imekaribia, na hicho ndicho kitu cha kwanza katika maisha ya Digrii ambacho hakikuhitaji uzoefu kazini.

Kilichopungua ni Bibi. Bibi ndiye aliyemlea, aliyemfundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia vitu, na alikuwa amezikwa kabla hata posa haijaletwa. Digrii hakulitaka gauni lile kwa kukosa jingine. Alitaka siku hiyo ashikwe mabegani na kitu kilichowahi kumshika Bibi. Basi.

Gauni lenyewe lilikuwa la hariri ya rangi ya maziwa, mikono mirefu mpaka kwenye vifundo vya mikono, na mgongoni ilishuka safu ya vifungo vidogo kama dengu, vilivyovishwa kitambaa kilekile. Mwanamke hawezi kujifunga vifungo vya namna ile. Lazima awepo mtu nyuma yake.

Kila kiangazi Bibi alilitoa, akalitundika katika chumba cha ndani, akajifungia nalo mchana kutwa. Watoto wa nyumba ile walikua wakimsikia akinong'ona humo, kama anayemjibu mtu. Na binti yeyote wa ukoo aliyeomba kuolewa nalo alipewa jibu moja: "Nguo hii ina mwenyewe." Hata Mama alinyimwa, akaolewa na la kukodi. Lakini Digrii alikuwa kipenzi, na alikumbuka vizuri kwamba mara ya mwisho Bibi kulisema neno lile alikuwa anamtazama yeye. Akajiongeza.

"Alisema ina mwenyewe," Mama alimwambia.

"Si ndiyo mimi?"

"Alikwambia?"

"Aliniangalia."

"Kuangaliwa na kuambiwa ni vitu viwili, mwanangu."

"Mama, please. Kazi nimenyimwa, sasa na gauni?"

Kulikuwa na jambo ambalo Bibi alikuwa amemwachia Mama siku za mwisho, na alikuwa amelibeba tangu matangani bila kujua alitue wapi. Kumsimulia mtoto msomi habari kama ile ni kutaka kuchekwa. Akarudi kwenye mchele.

*

Fundi cherehani alikuwa rafiki wa nyumba, mwanamke wa sauti kubwa aliyeweza kusema maneno mia na pini mdomoni asimeze hata moja. Alilitandaza gauni mezani, akapitisha kidole kwenye mshono wa kiuno.

"Hii imeshonwa na mtu mwenye mapenzi," alisema. "Angalia mapigo yalivyo madogo. Ila kiuno chako na cha bibi yako ni nchi mbili, zina mpaka na askari. Ingia nyuma ya pazia uvae, nikupime nipunguze."

Digrii akaingia. Nyuma ya pazia kulikuwa na kioo kilichopasuka kona na vipande vya vitambaa vya watu wengine. Akavua, akapitisha mikono. Hariri ikamteremka mwilini yenyewe, kama inayoijua njia. Nje simu ya fundi ikaita. Kisha, nyuma ya shingo yake, vidole vikaanza kumfunga vifungo.

Vilikuwa vidole vya baridi. Vilianzia juu, kimoja baada ya kingine, bila papara, na kila kifungo kilipoingia tunduni Digrii alisikia pumzi ndogo ya mtu anayekaza macho kwenye kazi.

"Nani amevaa?" sauti ilimuuliza kwa nyuma, chinichini.

Digrii alicheka. Alimjua fundi kwa utani wake. Akanyoosha mgongo kama bibi harusi, akajibu kwa maringo:

"Mwenyewe."

Vidole vikasimama. Kisha vikamaliza vilivyobaki, upesi upesi, kama vya mtu aliyesubiri sana.

Pazia likafunguliwa kwa mbele. Fundi alikuwa amesimama pale, simu sikioni, pini mdomoni. "Samahani, shoga, mteja huyu anaongea kama redio. Haya, geuka nikufunge."

Digrii aligeuka. Pini moja ikamdondoka fundi mdomoni, ikalia kwenye sakafu.

"Nani amekufunga?" aliuliza.

*

Fundi alikipunguza kiuno siku hiyohiyo. Kesho yake alilikuta gauni limefumuka pale alipolishona, limerudi upana wake wa zamani, na uzi wake umeviringishwa vizuri pembeni ya cherehani kama wa dukani. Akashona tena, kwa uzi mzito zaidi. Mchana jua likiwa utosini, ameinamia shati la mteja, akasikia nyuma yake mtu anakata uzi kwa meno. Alilileta gauni nyumbani amelishika kwa ncha za vidole.

"Sishoni nguo inayojifumua," alimwambia Mama mlangoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Na yule aliyemo humo, ni fundi kuliko mimi. Mpeni nguo yake."

Mama alilipokea. Lilikuwa la baridi kama ukuta wa msala. Akakimbilia chumba cha ndani, na huko alimkuta Digrii amelala chali, macho yamekodoka kwenye bati, mwili wake unawaka.

Zahanati ilisema si malaria. Vipimo vilirudi safi, na dawa walizopewa zilikuwa zile ambazo mtu hupewa ili asiondoke mikono mitupu. Homa ikabaki. Gauni likawa baridi na Digrii akawa moto, kama vile walikuwa wanapokezana. Fundi friji alikuja kila jioni baada ya kazi, ananuka gesi na sabuni, akakaa kwenye kigoda akamshika mkono. "Mimi kazi yangu ni kupoza vitu," alimwambia Mama, akijaribu kucheka, "na huyu ananishinda." Digrii alikuwa hamtazami. Alitazama mlango. Na mara kwa mara, kwa sauti nyembamba isiyo yake, aliuliza, "Nani amevaa?" halafu, kwa haya, kama anayeuliza jambo lisilomfaa msichana kuuliza, "Amekuja kunichukua?"

"Nime..." fundi friji alianza kujibu, na Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Hakumweleza kwa nini.

Wageni wa mbali walianza kufika. Shangazi, dada wa baba, alifika na mabegi na ulimi wake, akajiweka ukumbini, akapanga nani akae wapi na nani asikae kabisa.

"Harusi haiahirishwi kwa homa," alitangaza. "Watu wameshapanda magari. Kama mwenyewe haamki, mdogo mtu si yupo? Mvalisheni. Shela kazi yake nini?"

Wanawake wakacheka. Mdogo wake Digrii, aliyekuwa anagawa chai, akacheka pia. Mama hakucheka. Sinia lilimtoka mikononi, vikombe vikavunjika, na katika kimya kilichofuata, kutoka chumba cha ndani, kitanda kililia polepole, kama kinavyolia mtu anapoketi, halafu zikasikika nyayo zinakuja mlangoni, nyayo za mtu asiyetaka kusikika lakini anayetaka kusikia, zikasimama upande wa pili wa ubao, na wote mle ukumbini wakaisikia pumzi yake inaingia na kutoka kwenye tundu la ufunguo, mpaka sauti ile nyembamba ikauliza, bila hasira, na hilo ndilo lililowatoa machozi kabla hawajajua kwa nini, "Nani amevaa?"

*

Shangazi alimleta mtaalamu. Alikuwa na mkoba wa ngozi, saa kubwa, na kadi iliyomwita Dokta. Katika mtaa mzima ndiye pekee aliyekuwa na ajira ya uhakika. Akafukiza chumba mpaka ukuta wa mbele usionekane, akaketi mbele ya kitanda.

"Wewe ni nani?"

"Mwenyewe," Digrii alijibu, macho yamefumba.

"Mwenyewe nani? Umetoka wapi? Baharini, porini, makaburini?"

"Humu."

"Unataka nini? Damu? Manukato?"

"Nataka kujua nani amevaa. Nimeuliza tangu zamani."

Mtaalamu akafunika chetezo, akafunga mkoba, na akatoka uani bila kudai kitu, jambo ambalo lilimtisha Shangazi kuliko yote yaliyotangulia.

"Mama," alimwambia Mama wa Digrii faraghani, "mimi nafukuza wageni. Huyu si mgeni. Huyu yuko kwao. Kuna swali hajajibiwa, na nadhani jibu unalo wewe."

Mama alikuwa nalo. Ndilo lile alilokuwa amelibeba. Akawatoa watu wote chumbani, akafungua dirisha moshi utoke, akakaa ukingoni mwa kitanda. Jua la mchana lilikuwa linaingia, na gauni lilikuwa kwenye msumari wake ukutani.

"Mama mkubwa," aliita.

Digrii alikuwa ameelekea ukutani. Bega lake likatulia.

"Mama mkubwa, ni mimi, mtoto wa mdogo wako. Niulize."

"Nani amevaa?"

"Mdogo wako."

Nzi mmoja aligonga kioo, akagonga tena.

"Waliniambia hajavaa mtu. Waliniambia ipo sandukuni, inanisubiri mwenyewe."

"Walikudanganya. Uliishona kwa mkono wako, ukaugua. Ulikuwa humu ndani, kitanda kilikuwa palepale, homa imekushika, na wageni wameshajaa uani, na watu wazima wakaona aibu kuwarudisha. Wakamvalisha mdogo wako, wakamfunika shela. Ulisikia vigelegele?"

"Nilivisikia." Sauti ilikuwa imeshuka mno hata Mama ikambidi ainame. "Nikajua ni vyangu. Nikasema moyoni, ngoja nipate nguvu, nitoke."

Mama alijifuta uso kwa kanga.

"Alikuja kunichukua?"

"Alikuja."

"Akaondoka na nani?"

"Na mama yangu. Wewe ukafa kesho yake. Na yeye alipofiwa na mume akarudi kukaa nyumba hii, kwa ajili yako. Hakuivaa tena, wala hakumruhusu mtu aivae. Kila kiangazi alikuanika, na kila ulipomuuliza alikujibu vilevile walivyokujibu wao, kwa sababu aliogopa ukijua utamchukia."

"Alikuwa analia akinijibu," sauti ilisema. "Nilimuuliza mara nyingi ili akae. Mwaka huu kiangazi kimepita hakuja. Yuko wapi mdogo wangu?"

"Amekufa, mama mkubwa. Na alinipa mimi kazi ya kukuanika, na mimi sikuifanya. Nisamehe."

Kilio kilichotoka hapo hakikuwa cha Digrii. Kilikuwa cha msichana mdogo zaidi, ambaye bado hajui kulia kwa kujizuia. Mama alimkumbatia mwanawe na yule aliyekuwa ndani ya mwanawe, hakuweza kuwatenganisha, akawabembeleza wote wawili mpaka kanga ikalowa. Mwishowe sauti ikauliza, kwa kuchoka, "Na mimi lini?"

Swali hilo Bibi hakumwachia jibu lake. Mtaalamu naye alikuwa ameshakwenda. Na Mama alikuwa mtu wa huruma. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote.

"Siku ya mwanangu," alisema, "mlango huu nitauacha wazi. Hutafungiwa ndani tena."

Digrii akafumba macho akalala. Alipoamka alikuwa amelowa jasho, anaomba uji. Mama aligusa gauni ukutani. Lilikuwa limeanza kupata joto.

*

Harusi ilifanyika uani kwa siku yake. Digrii alivaa gauni la kukodi lililonuka marashi ya mabibi harusi wengine, na alikuwa mwembamba, mashavu yameingia, lakini alicheka. Mama alikuwa amemsimulia yote. Digrii hakucheka kama Mama alivyohofia. Alisema tu, "Kumbe hata Bibi alipata nafasi ya mtu mwingine," na akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa gauni la hariri sandukuni asubuhi ile. Akalikalisha kwenye kiti katika chumba cha ndani, uso wa kiti kwa mlango, shela juu yake, mgongo wazi bila kufunga kifungo. Akauacha mlango wazi. Vigelegele vilipopigwa aligeuza shingo kutazama kule ndani. Kiti kilikuwa mahali pake. Pazia la mlango lilikuwa linapeperuka, na siku ile haikuwa na upepo.

Jioni, wageni wakianza kuaga na gari la maharusi likiwa limewashwa barabarani, Digrii aliingia peke yake kulikunja. Lilikuwa kitini, kama alivyoliacha. Akalinyanyua.

Lilikuwa la moto. Kwapani limelowa. Pindo lote lilikuwa na vumbi, vumbi jekundu la uani, la mtu aliyecheza mpaka miguu ikauma, na Digrii alitabasamu huku machozi yanamjaa, akasema polepole, "Hongera, mwenyewe." Akaligeuza ili alikunje.

Mgongoni vifungo vyote vilikuwa vimefungwa.

"Upo humu?" Mumewe alichungulia mlangoni, tai imelegea, uso unang'aa. "Wananiita garini. Lakini acha nikwambie kitu. Lile la kwanza zuri, ila hilo ndilo lilikupendeza."

"Lipi?"

"Si hilo ulilolishika? Ulilobadilisha, ukaniita hapa nikufunge vifungo. Vimenitesa hivyo vifungo, vidole vyangu vimezoea spana." Akacheka. "Ulikuwa na haya, hukutaka hata kufunua shela. Nikakuuliza umelitoa wapi, ukaniambia ni lako mwenyewe."

Digrii alivitazama vifungo. "Na nini tena?"

"Ukaniuliza kama nimekuja kukuchukua." Aliinua mabega, furaha yake yote ikiwa wazi usoni. "Nikakwambia ndiyo. Kwani nimekuja kufanya nini? Nimekuja kukuchukua."

Mikononi mwa Digrii gauni lilianza kupoa, kuanzia mabegani, likashuka kifuani, likashuka kiunoni, kama nguo ambayo mtu ametoka ndani yake sasa hivi.

Honi ikapigwa barabarani. Sauti ya Shangazi ikavuka uani, imejaa karamu na vicheko.

"Bwana harusi, njoo basi, unamweka mtu peke yake garini. Mwenyewe ameshakaa."